Tulilifagia Daftari

Sheria mpya ilipotoka, tuliambiwa kwamba kile ambacho sisi wanawake kumi na wanane tulikuwa tukikifanya kila Jumamosi kwa miaka tisa kinaitwa huduma za fedha, na kukifanya bila leseni ni jinai. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mimi niliyeishia darasa la nne, kumbe nimekuwa benki na hakuna aliyeniambia.

Kicheko kilikatika nilipofika kwenye tarehe. Mwisho wa mwezi ule, asiye na leseni afunge.

Tulikuwa tunakutana kwenye chumba cha mshonaji, binti wa marehemu dada yangu. Sanduku letu la bati lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja ninao mimi mwenyekiti, wa pili anao yeye, wa tatu anao muuza mkaa tuliyembandika jina la Kipaza Sauti, maana siri ukimpa asubuhi, mchana inakurudia imenenepa. Kila mtu aliweka akiba, na aliyekwama alikopa hadi mara tatu ya akiba yake. Daftari niliandika mimi: akiba kwa wino wa bluu, madeni kwa wino mwekundu.

Tukajaza fomu ya kuomba leseni, kurasa kumi na nne. Mahali fulani iliuliza afisa wetu mkuu wa teknolojia ni nani. Tukaandika mwenzetu msusi, kwa kuwa ni yeye peke yake mwenye simu isiyofungwa kwa mpira.

Wiki ya pili ikaja barua kwamba Jumatatu inayofuata mkaguzi angefika kulitazama daftari. Hapo ndipo nilipoharibu, na sitamsingizia mtu.

Mimi nikisikia mgeni anakuja, nafagia. Hata kama anapita tu kuuliza njia. Nikalifungua daftari, nikaona wino mwekundu umetapakaa kama bucha, nikaona aibu. Nikawaita wenzangu, nikawaambia mgeni wa serikali hawezi kukuta nusu ya kikundi inadaiwa, atasema ni genge la walala njaa. Kila mwenye deni alimalize kabla ya Jumatatu. Wakaniunga mkono wote, hata Kipaza Sauti, ambaye hadaiwi kwa sababu hamwamini mtu, pamoja na sisi.

Binti wa dada yangu alibaki wenzake walipotoka. Deni lake lilikuwa kubwa kuliko yote, la kitambaa cha sare za shule.

"Mama mdogo, hizo hela nitazitoa wapi? Sare zenyewe ndiyo kwanza nimezikata."

"Azima, mwanangu. Ni siku chache tu. Mgeni akigeuza mgongo, unakopa upya hapa hapa, unarudisha kule."

Kule ni kwa Bwana Dakika Tano, ng'ambo ya barabara. Tumemwita hivyo kwa sababu bango lake linaahidi pesa kwa muda huo, na kweli hachelewi. Leseni yake ameitundika ndani ya kioo juu ya kiti chake, kama watu wanavyotundika picha ya baba. Wenzetu kumi walimwendea, kila mmoja na rehani yake. Binti wa dada yangu aliandikisha cherehani.

Jumatatu mkaguzi akaja, kijana mpole mwenye miwani, akaniita bibi na akakubali kiti kibovu bila kulalamika. Alilisoma daftari polepole. Ukurasa wa mwisho ulikuwa bluu tupu, nami nilikaa nikiutazama kama mama wa bibi harusi. Akaufunua tena. Akauliza, leo hii, nani anadaiwa na kikundi?

Nikamjibu kwa maringo kwamba hakuna hata mmoja.

Akavua miwani. Akaeleza taratibu, kama anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Vikundi vilivyokwisha kuwa kazini vina mlango wao: ada ndogo, leseni wanapata. Lakini aliye kazini ni yule mwenye mikopo mikononi mwa watu siku ya ukaguzi. Asiye na mkopo hata mmoja anahesabiwa kampuni mpya, na kampuni mpya inadaiwa mtaji ambao sisi kumi na wanane tukiuzwa pamoja na nyumba tulizopanga hatuufikii.

Basi nikafungua moyo. Nikamsimulia tulivyofagia, nani alikopa wapi. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Bibi, hilo sijalisikia. Nikilisikia, itabidi niandike kwamba mmeidanganya serikali."

"Sasa mjukuu wangu, uandike nini?"

"Nitaandika nilichokiona."

Akatuonya kwamba kuanzia saa ile tusikopeshe hata senti, mpaka majibu yatoke. Jioni ile nilitaka tufungue sanduku kimya kimya, wale kumi wachukue, wakalipe ng'ambo. Binti wa dada yangu alileta ufunguo wake. Kipaza Sauti aliukalia wake. Alisema ana wajukuu wanne, jela hawezi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ya chini. Sanduku likabaki limefungwa.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Ombi limekataliwa, kikundi kivunjwe, kila mwanachama arudishiwe akiba yake. Tukagawana bila kutazamana. Aliyekuwa amekopa mara tatu ya akiba yake akarudishiwa hiyo moja, na deni la ng'ambo likabaki palepale.

Cherehani ilibebwa Alhamisi na wanaume wawili waliosema samahani. Chumbani zimebaki sare zilizokatwa, mikono huku, kola kule, na wazazi wanapita kuuliza. Ananisalimia vilevile. "Shikamoo, mama mdogo," kisha anainamia sindano ya mkono. Angenitukana ningelala.

Akiba yangu yote nilimpelekea Bwana Dakika Tano kwa niaba yake. Alizihesabu hela, akanipongeza kwa moyo wangu, akasema zimetosha riba tu. Akanipa risiti safi, juu kabisa imechapwa namba ya leseni.

Niliisoma mara mbili, nimesimama pale barabarani. Sijawahi kuishika leseni kwa karibu namna ile.