Vidonge vya Miezi Mitatu

"Mustari ni mumoja," nesi Chalwe alisema, akikigeuza kipimo ili Florentine akione mwenyewe. "Hauna virusi, mukwai," akaongeza, kwa neno la heshima la Kibemba.

Florentine alikitazama kimstari kile chekundu mpaka macho yakamwuma. Tangu jana jioni alikuwa ameshajizika. Moyoni alikuwa amemkabidhi binti yake Ireen kwa dada yake wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, na hata kitenge cha kuzikiwa alikuwa ameshakichagua. Sasa alikuwa hai tena, na uhai huo hakujua auweke wapi.

"Pima tena," alisema. "Bwana yangu eko nayo."

"Alikuambia?"

Hakumwambia. Florentine alitia mkono kifuani, akatoa soksi ya kijivu iliyofungwa fundo, akaiweka mezani. Jana alikuwa akitafuta koleo afunge waya wa kichanja anachoanikia chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa. Mkono wake ukazama chini kabisa ya mfuko wa vyuma vya kazi wa mume wake Rodwell, chini ya spana, ukakutana na soksi hiyo. Imejaa vidonge. Papo hapo mambo ya mwaka mzima yakajieleza yenyewe: mume aliyempa mgongo kitandani, mume aliyetembea na chupa ya maji kama mtu wa safari, mume aliyelala kama gogo na kuamka mzito. Alikuwa amemlaumu mwanamke fulani wa Puta, kule Rodwell anakokwenda kutengeneza mota za mitumbwi. Jana usiku alitamani angekuwa huyo mwanamke wa Puta tu.

Nesi Chalwe alifungua fundo, akachukua kidonge kimoja, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dawa ni ya nani, siwezi kusema," alisema polepole. "Dawa ni ya nini, naweza. Hii si ya virusi, mama. Ni ya huzuni."

"Huzuni iko na dawa?"

"Ile huzuni inakaa, inakula mutu, iko nayo. Wengine tunawapa ju ya maumivu ya mishipa, lakini kidogo. Inakausha kinywa, inaleta usingizi, inafunga tumbo. Na mambo ya kitanda inapunguza."

Florentine aliinamisha uso. Kumbe.

"Kinywa bado kinamukauka?" nesi aliuliza.

"Iliisha. Chupa ya maji aliacha."

"Na usingizi?"

"Hata. Sasa halale kabisa. Anakaa kwa mulango mpaka kunapambazuka."

Uso wa nesi ulibadilika. Alimwaga soksi nzima juu ya sinia, akaanza kuvitenga vidonge kwa ubapa wa kijisu cha plastiki, vitano vitano, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza alivihesabu upya. Kisha akainuka, akafunga dirisha.

"Hizi ni za miezi mitatu," alisema.

"Basi?"

"Mutu anayekunywa hawezi kuwa nazo zote. Anayesahau, anasahau moja, mbili. Huyu aliacha kunywa, na akaendelea kuja kuchukua. Anaziweka."

"Anaziweka ju ya nini?"

Nesi Chalwe alikaa karibu naye, goti kwa goti. "Moja moja, hii dawa inasaidia. Nyingi mara moja, inasimamisha moyo."

Nje, wanawake waliokuja kupima uzito wa watoto walikuwa wakicheka. Florentine aliona vinywa vyao kupitia kioo, lakini kicheko hakikumfikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa maji.

"Saa hii eko wapi?" nesi aliuliza.

"Kazini."

"Na nani?"

"Yeye peke."

"Nenda. Umuulize wazi kama anataka kufa. Usizunguke. Kumuuliza hakuwezi kumupa wazo ambalo hana. Umulete leo, si kesho. Hizi zinabaki kwangu."

Florentine alikimbia. Alipita sokoni Kashikishi, katikati ya vichanja vya samaki na harufu yake, ndala moja ikamtoka, hakuirudia. Alikuwa akijiambia: jana nilimwibia kwa hasira. Kama nisingekuwa na hasira. Kama waya usingekatika. Kila wazo lilimpiga kifuani kama ukingo wa mtumbwi.

Kibanda cha Rodwell kilikuwa kimefagiwa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Tangu mwaka juzi mota za watu zilikuwa zimelala humo vipande vipande. Rodwell aliifungua moja, akaifunga, akaifungua tena, asithubutu kumrudishia mwenyewe. Leo zote zilikuwa nzima, zimepangwa ukutani, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Spana zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa kuanzia kubwa mpaka ndogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi katikati, mtu mkubwa wa mabega, akitazama mahali pasipo na kitu.

"Mama Ireen," alisema bila kuinua macho, "haukuona soksi yangu moja?"

"Iko kliniki. Nilizani ni dawa ya virusi."

Rodwell aliisogeza spana ndogo ikae sawa. Kisha akasema, "Ungebaki unazani vile. Ile watu wanaelewa. Ile iko na kadi, iko na wenzake wa kukaa nao. Hii yangu watasema ni ya wazimu."

Jirani, Katongo mtengeneza mitumbwi alikuwa akigonga misumari. Florentine alingoja nyundo inyamaze.

"Papa Ireen. Unataka kufa?"

Rodwell alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa na grisi.

"Ndiyo," alisema, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai.

Njia nzima Florentine alikuwa amejitayarishia jibu la hapana. Amejiandaa kwa ukali, hata kwa kofi. Ile "ndiyo" ndogo ilimkalisha juu ya pipa la mafuta, na machozi yaliyokuwa karibu yakarudi yalikotoka.

"Toka lini?"

"Toka Levy."

Levy alikuwa mdogo wake Rodwell. Mota aliyoitengeneza Rodwell asubuhi ilizimika adhuhuri katikati ya ziwa, njia ya kisiwa cha humo ziwani kiitwacho Kilwa, upepo umekwisha kuamka. Polisi walisema ni upepo. Walionusurika walisema ni upepo. Rodwell hakuwahi kusema kitu.

"Dawa nilikunywa," alisema sasa. "Ilianza kusaidia. Nikalala. Siku moja nikaamka, nikajikuta naimba. Nikasikia aibu: Levy eko ndani ya maji, miye naimba. Njo maana nikaacha." Aligusa mota iliyokuwa karibu. "Buji za kuwasha ile mota nilibadilisha. Zote mbili, Mama Ireen."

"Najua."

"Haujue. Haukukuwa pale."

"Basi utaniambia. Twende, nesi anatungoja. Utaniambia njiani."

Florentine alitoka nje. "Ba Katongo, niazime kinga yako." Katongo alimtazama usoni, akamletea baiskeli yake. Rodwell alishika usukani. Mikono ikamtetemeka hadi kengele ikalia yenyewe.

"Kaa nyuma," Florentine alisema.

"Watu wataona."

"Waone."

Alifunga kitenge sawasawa, akakanyaga. Baiskeli iliyumba, ikakaribia mtaro, ikanyooka. Sokoni wanawake waliacha kugeuza chisense, na mmoja akapaza sauti: "We Florentine! Unabeba bwana kama mutoto?" Wengine wakacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa.

Barabara ilianza kupanda. Uzito wa mume wake ulikuwa wote kwenye mapaja yake. Pumzi ikamwishia, jasho likamwingia machoni. Ndipo akahisi paji la uso la Rodwell likitua mgongoni pake, katikati ya mabega, na sauti yake ikaanza, chini sana, tangu asubuhi ile: saa ngapi Levy alileta mota, bomba gani yeye mwenyewe alilipuliza, nani alikuwa amesimama mlangoni. Upepo wa ziwa ulikuwa ukichukua neno hapa, neno pale. Florentine alijiegemeza nyuma kidogo, ili asikie, akaendelea kukanyaga.