Utafutaji Usio na Jibu

Kila siku baada ya chakula cha mchana mfumo wa kompyuta wa hospitali uliganda. Wagonjwa wakaguna, fundi akaizima seva na kuiwasha, mambo yakaenda. Dawa hiyo ilizoeleka hata ikawekwa kwenye ratiba, na ukiona ugonjwa umepangiwa saa yake, jua watu wamekata tamaa.

Ndipo akaitwa Kobe, mwandishi wa programu aliyepewa jina hilo kwa uzito wake wa kusema "tayari". Mkurugenzi hakumung'unya maneno.

"Yule dada wa mapokezi anabonyezabonyeza ovyo. Thibitisha tu, leo hii nimwachishe kazi."

Haraka haraka haina baraka. Kobe alikaa akaitazama memori ya seva ikijaa. Haikujaa wagonjwa walipoandikishwa, wala waliporuhusiwa. Ilijaa jina lilipotafutwa likakosekana. Akafungua msimbo, maandishi yanayoiendesha programu. Programu ilifungua njia ya kwenda kwenye hifadhidata, ghala la majina ya wagonjwa, ikauliza. Ikipata jibu, iliifunga. Ikikosa, ilirudi zake na kuiacha wazi, na kila njia iliyoachwa ilishikilia memori yake. Aliyeiandika hakuwaza kwamba kuna mtu angemtafuta asiyekuwepo, tena na tena.

Lakini nani huyo? Maswali mengi yasiyo na jibu yalitoka meza moja ya mapokezi, kweli. Kobe akashuka.

Dada alipoulizwa aliinamisha kichwa. "Ni mdogo wangu. Aliondoka nyumbani tumegombana, simu haipatikani. Mfumo huu unaunganisha hospitali zote, basi tangu asubuhi, kila nikipata nafasi, namtafuta. Kumbe mimi ndiye ninayewaulia mashine? Nisamehe, kaka."

Kobe alishikwa na uchungu. Kumkataza kungetosha, na mkurugenzi angefurahi. Badala yake alivuta kiti, akaandika mstari mmoja: njia ifungwe, mtu apatikane asipatikane. Akaiwasha seva upya.

Simu ya mezani ikalia. "Ni yeye?" mkurugenzi akauliza.

"Hapana, mzee. Ni programu. Ilikuwa haijui la kufanya ikimkosa mtu."

Mchana ukapita, foleni ikasonga. Dada alikaa mikono mapajani, anaiogopa kibodi.

"Mtafute, dada," Kobe akasema.

Akaandika jina. Hayupo. Memori ikapanda kidogo, ikashuka. Dada akafuta macho kwa kiganja, akamgeukia aliyesimama dirishani.

"Karibu, mama. Unaitwa nani?"