Chupa ya Mwisho ya Mama

Mama alizikwa mwaka jana, lakini seli za saratani yake bado zinakua katika chupa moja tu iliyobaki ya maabara yetu. Kila asubuhi, nikizibadilishia chakula, mimi huziamkia: “Shikamoo, mama.”

“Nani atakuitikia marahaba humo, mwanangu?” mkuu wa maabara aliniuliza leo. “Mtambo wa kunakili jeni ndani ya seli hizo umeharibika. Unarudia amri ya kukua tu, haujui kuacha.”

Dawa yetu mpya inalenga kuuzima mtambo huo ili seli zife. Ikifaulu, watoto wa wengine watabaki na mama zao, nami sitabakiwa na chochote cha mama yangu kilicho hai.

Nilidondosha dawa chupani. “Shikamoo, mama,” nikanong'ona, kisha nikainamia darubini, nikiomba seli zife na kuogopa zisije zikafa.