Aliyekatika Hajatoka

Uvumi ulimganda mama kama kupe: ati mfanyakazi mmoja wa ofisi ya jirani alibonyeza kitufe kimoja tu, kazi ya wenzake wote ikayeyuka, naye akafukuzwa. Tangu ausikie, kila mara kitinda mimba wake akifungua kompyuta pale mezani, mama alikaa roho mkononi.

Binti huyo, akiwa nyumbani, alitunza mashine moja kubwa ya kazini, kompyuta ya wote. Wenzake walikaa majumbani kwao wakaingia humo kwa mtandao, kila mmoja na shughuli yake, kama wapangaji wa nyumba moja. Siku hiyo fundi aliyekuwa ofisini alitaka izimwe ili abadilishe feni.

"Zima basi, dada!" fundi alihimiza kwenye simu. "Si uliwatangazia? Wote wameshatoka."

"Mmoja amekatika," binti alijibu, macho kwenye orodha ya majina katika kioo cha kompyuta. "Mchora ramani."

"Kukatika, kutoka, si yale yale? Au ndiyo umempenda?"

"Haraka yako kaiweke mfukoni, kaka. Nitakupigia."

Mama aliacha pasi hewani. "Tofauti yake nini, mwanangu?"

"Simu ikikatika ukiongea na shangazi, mmeshaagana?"

"Tuagane wapi! Hata goti langu sijamsimulia."

"Basi naye hivyo hivyo. Mtandao umemkata, ramani yake iko wazi mle ndani. Nikizima sasa, imekwenda na maji."

Akampigia mchora ramani. Kumbe maskini alikuwa kasimama juu ya kiti dirishani akiutafuta mtandao, na ramani ya mabomba ya mtaa mzima hajaihifadhi. "Usizime, nakuomba!"

Mama alisimama nyuma ya binti, pasi bado mkononi. Mchora ramani akarudi mtandaoni, akahifadhi, akatoka. Jina lake likafutika. Hapo ndipo binti akaizima mashine, taratibu, kama afungaye mlango wa chumba alicholala mtoto.

"Hawakufukuzi?" mama akanong'ona.

"Kwa lipi tena, mama? Angalia shati langu lisiungue."

Jioni mama aliandika haya kwa mkono wake, akayabandika ukutani juu ya meza, maana hata mwenye akili husahau:

Usizime mashine ya watu bila kuwatangazia.
Usiseme "wametoka" kabla majina hayajafutika.
Usimpuuze aliyekatika, mpigie.
Usichomoe waya, hata fundi akinuna.
Nawe uliye nyumbani, ukimaliza kazi kwenye mashine hiyo usibonyeze "zima", bonyeza "toka". Ukizima, umewazimia wote.