Saa Iliyosogezwa Mbele

Tuseme ukweli, fundi wa programu alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa hata harusi yake mwenyewe. Mkewe akazoea kusogeza mbele saa zote za nyumba, ya ukutani na za simu, angalau bwana awahi siku moja. Ndoa ilipovunjika, mke akahama na binti yao, na mazoea yake akahama nayo.

Fundi akamtengenezea binti mchezo wa watu wawili, kila mmoja kwenye simu yake. Kila Jumamosi, tarakimu juu ya mlango wa mchezo zilihesabu kurudi nyuma mpaka saa kumi. Zikigonga sifuri mlango unafunguka, aliyepo anaingia, kisha unajifunga; anayefika baadaye hufunguliwa chumba kingine.

"Safari hii sichelewi, mwanangu," alimwahidi bintiye.

Jumamosi ya kwanza aliketi mapema, kajinyoa kabisa. Sifuri ikafika, akaingia, mtoto hayupo. Ya pili vilevile. Ya tatu roho ikamuuma, akamwandikia: "Kama hutaki kucheza na baba, sema tu."

Akampigia mama mtoto.

"Una uso wa kuuliza wewe?" mama akasema. "Mtoto anaingia mlangoni peke yake kila wiki, anakungoja mpaka anachoka."

"Nilikuwepo. Saa kumi kamili."

"Hukuwepo."

Fundi akaitazama saa ya simu yake. "Saa ya simu ya mtoto bado mmeisogeza mbele?"

"Dakika kumi. Umesahau ni kwa ajili ya nani?"

Jamani, mganga hajigangi. Fundi mzima, aliacha kila simu ihesabu kwa saa yake yenyewe, kosa analowakemea wanafunzi wake. Alilirekebisha palepale: sasa mtambo mmoja ungehesabu kwa niaba ya simu zote. Akapiga tena.

"Ilikuwa saa, si mimi. Mwambie nimetengeneza, aje Jumamosi."

"Nilimwambia ni saa. Ameshaufuta mchezo." Sauti ya mama haikuwa na ugomvi tena. "Anasema baba hata akitengeneza saa kwa mkono wake, atachelewa."

Jumamosi ikafika. Fundi aliweka simu zake mbili mezani, moja ameisogeza mbele dakika kumi. Tarakimu zilishuka sawasawa kwenye vioo vyote viwili, hazikupishana hata kidogo. Sifuri. Akaingia peke yake, akalia kama mtoto, na mlango ukajifunga nyuma yake.