Mwezi wa Mwalimu Lydiah

Tangu avunjike nyonga, Mwalimu Lydiah hakuwa ameshuka ngazi za ploti yao ya kupanga, mtaani Mowlem. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Dunia yake ikawa kitanda, kiti cha magurudumu na dirisha lenye darubini aliyozawadiwa na wanafunzi wake wa jiografia alipostaafu.

Alasiri, mwezi nusu ukipanda, alikuwa akilitafuta huko mwezini shimo la Deslandres, lililochimbwa na kimondo zama za kale. Kingo zake zimelika hata hujui zinaanzia wapi. Shimo jirani, Walther, limelibana ubavuni. Lexell limemega ukuta wake. Na Hell, dogo kuliko yote, limejichimbia ndani kabisa.

"Shimo hilo limekukosea nini, mama?" bintiye Nduta alikuwa akimtania.

"Acha nilione kabla mafundi wale hawajaniziba dirisha."

Ng'ambo ya kichochoro jengo jipya lilikuwa likipanda, mafundi wakiongeza mawe kila wiki. Alasiri moja akaweka jicho kwenye darubini, akaona jiwe la kijivu na kiatu cha gambuti cha fundi. Basi.

Alijisukuma hadi mlangoni, akajishusha sakafuni, akaanza kuteremka ngazi kwa makalio. Kabla ya ghorofa ya tatu mguu ukakakamaa. Kushuka hawezi, kupanda hawezi. Nyuma ya milango alisikia redio na watu wakicheka, akaona haya kupiga kelele.

Matheka, jirani wa ghorofa hiyo, ndiye aliyemkuta. Akamwita Nduta.

"Ulikuwa unaenda wapi, mama?"

"Popote."

Matheka akamwinamia, akambeba mgongoni. "Mwalimu, tushuke au tupande?"

"Juu kabisa."

Wakamkalisha kwenye paa, katikati ya nguo zilizoanikwa. Nduta akaleta darubini. Jua lilikuwa likizama, na Deslandres likaonekana wazi, lote na majirani zake.

"Njoo uone," Lydiah akasema.

Nduta hakuja. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, analia. "Nilipewa kazi Kisumu, nikaikataa. Hata mimi sijatoka humu, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia niende."

"Basi nenda."

"Nikuache na nani?"



Nduta alipopiga simu Kisumu, walikuwa wameshaajiri mtu mwingine. Mama na binti walihamia chumba cha chini katika mtaa wa Umoja, kwenye ua ulioezekwa mabati, mbingu huzioni. Lakini mlango hauna ngazi. Nduta amepata kibarua dukani, na kila jioni Lydiah hujisukuma hadi getini, akakaa kuwatazama watu wanaotoka kazini.