Mjane Aliyesaga Kanisani

Baridi ya mwaka ule iliugandisha mto wa Vaubrey, hata gurudumu la kinu cha maji cha bwana mkubwa, mwenye ardhi ya kijiji kile, likanasa katika barafu. Nafaka ilikuwepo majumbani. Unga ndio uliokosekana. Na amri haikubadilika: hakuna kusaga ila kinuni kwa bwana mkubwa, na atakayekutwa na jiwe la kusagia nyumbani, livunjwe na yeye afungwe.

Mathurine Gaubert, mjane asiyejua kumeza maneno, alikuwa nalo. Marehemu mumewe alilifukia bandani mwa mbuzi siku watu wa msimamizi wa bwana mkubwa walipopita nyumba kwa nyumba na nyundo. Januari akalifukua, akawasagia majirani hadi viganja vikachubuka.

Machi ikaja habari kwamba mfalme, aliyeishiwa kila kitu hata ujanja, ameita mkutano wa taifa zima, na kila kijiji kiandike manung'uniko yake. Wanaume wa Vaubrey wakakutana kanisani baada ya misa. Msimamizi, Bwana Lescot, alikaa mbele kabisa, miguu kainyoosha, akimkazia macho kila aliyefungua mdomo. Basi wakalalamikia bei ya chumvi, wakalalamikia barabara. Kinu hakikutajwa.

Mlango ukasukumwa. Mathurine akaingia na toroli.

"Mama Gaubert, umepotea?" Lescot akamdhihaki. "Soko ni Alhamisi."

"Sijapotea, bwana. Nimekuja kusaga."

Akalishusha jiwe sakafuni, akamimina konzi ya shayiri, akaanza kuzungusha. Mkwaruzo ukajaa kanisa zima.

"Unaijua adhabu yake?"

"Naijua. Na wewe, unajua watoto wangapi walitafuna nafaka kavu Januari? Haya, wataje hapa, mbele ya Mungu." Akamgeukia mwalimu Denizot, aliyekuwa karani wa mkutano. "Mwalimu, na kalamu nayo imeganda? Andika: kila mtu asage anapotaka."

Lescot akasimama. "Atakayetia alama chini ya maneno hayo, asahau habari ya shamba lake!"

Mathurine hakuusimamisha mkono.

Ndipo akanyanyuka Ogier, mdogo wa marehemu mumewe, fundi aliyekula mkate wake kwa kukarabati kinu cha bwana mkubwa. Miaka sita hakuwa amemsalimu Mathurine. Akapiga goti kando yake.

"Sogea, shemeji. Unasaga kama unabembeleza mtoto."

"Na wewe umechelewa kama kawaida yako," akamjibu, akampisha.

Kicheko kikalipuka, na woga ukavunjika pamoja nacho. Lescot akawaamuru walinzi wake wawili walikamate jiwe. Mmoja akatazama viatu vyake. Mama yake alikuwa amesagiwa kwa jiwe lile. Mwenzake akaona hawezi peke yake. Denizot akachovya kalamu, akaandika. Wanaume wakapanga mstari, kila mmoja akachora msalaba wake badala ya sahihi. Mathurine akajipanga nao.

"Wanawake hawatii alama, Mama Gaubert," Denizot akanong'ona.

"Mkuu wa nyumba yangu ni nani, mwalimu? Mbuzi?"

Akapewa kalamu.

Kesho yake askari wa bwana mkubwa walilivunja jiwe uani kwake, wakamfunga siku tisa. Alitoka amekonda, akakuta majirani wamemlimia shamba. Lakini daftari la manung'uniko lilikwisha fika mjini, na hakuna aliyeifuta alama yake.

Julai, habari zilipoenea kwamba watu wa Paris wameiteka ngome ya mfalme, Vaubrey nzima ilipanda mchana kweupe hadi kwenye jumba kubwa, kudai hati za kale zilizompa bwana mkubwa haki ya kinu. Mwenyewe alikwisha kimbia. Lescot akazitoa, zikachomwa uani.

"Mama Gaubert," akasihi kutoka juu ya ngazi, "waambie wasinidhuru."

Mathurine alimtazama sana. Hamu ya kumwona akiburutwa ilimpanda, akaishusha.

"Shuka. Hakuna atakayekugusa. Ila utapita katikati yetu, na utatusalimu mmoja mmoja, kwa jina."

Walikuwa zaidi ya sitini. Lescot akavua kofia, akaanza na Ogier.